Nilisikiliza Gitaa, Sikumsikiliza Mpigaji



Wapendwa wanaparokia, nanyi wote mnaosoma tafakari hii ya kila juma, leo mniwie radhi. Sitaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu, bali nitaanza na gitaa. Wengi wenu mnaufahamu udhaifu wangu huu. Waliowahi kusafiri nami kutoka Handeni kwenda Korogwe wanajua kwamba nikisikia gitaa likilia mahali, hata kama ni kwenye redio ya kibanda cha chipsi, mguu wangu husimama wenyewe, na mazungumzo tuliyokuwa nayo hukatika. Watoto wa Utoto Mtakatifu wameshaigundua siri hiyo na wanaitumia pale wanapotaka kuchelewesha kipindi cha dini. Nimekuwa nikilihesabu jambo hili kuwa furaha isiyo na madhara. Juma hili nataka kuwasimulia jinsi nilivyokuja kutambua kwamba ndani ya furaha hiyo kulikuwa na deni.

Nililelewa katika kambi ya mkonge upande wa Korogwe. Babu yangu aliletwa huko kutoka Songea enzi za manamba, na hakurudi kwao. Ninyi wenyeji wa mkoa huu mnajua kwamba zao hilo, lililoletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893, ndilo lililowakusanya watu wa Songea, Kigoma, Tabora na Mbeya, pamoja na ndugu kutoka Burundi na Msumbiji, wakawa majirani wa Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Kambini kila nyumba ilikuwa na lugha yake na namna yake ya kuzika. Vitu viwili tu vilituunganisha sote bila mabishano: Kiswahili na muziki. Jioni, baada ya kazi ya kukata majani, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya kupikia, kipande cha mbao ya mninga, na nyuzi alizozitoa kwenye waya wa breki za baiskeli. Sauti yake ilikuwa kama ya mbu aliyekasirika. Lakini sisi watoto tulikaa mbele yake chini vumbini kana kwamba tuko mbele ya mfalme.

Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili tupate saa moja nyingine. Saa hiyo moja hakuipoteza kwa jambo lolote isipokuwa taarifa ya habari na nyimbo za zilipendwa. Hapo ndipo nilipomfahamu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari kule Mombasa Januari 1979, kabla mimi sijazaliwa. Hapo ndipo nilipozisikia bendi za Tanga yetu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambayo mwanzoni ilijulikana kama Young Nyamwezi, jina linaloonyesha wazi watu wake walikotoka. Baba hakujua kupiga chombo chochote, lakini alijua kusikiliza. Aliniambia, "Usimfuate anayeimba, kila mtu anamfuata huyo. Msikilize yule anayepiga rithimu kule nyuma, asiyesifiwa na mtu. Akinyamaza yeye, wimbo umeanguka." Nilipokuwa mtoto niliyachukua maneno hayo kuwa mafundisho ya muziki. Sasa nadhani yalikuwa mafundisho ya kichungaji, na mimi nilifaulu nusu moja tu.

Katika maisha yangu sijawahi kuingia katika ukumbi mkubwa wa muziki ambamo watu huketi kwenye viti vya kukunja na kupiga makofi kwa zamu. Maonyesho niliyoyaona mimi ni yale ambayo Mungu huyaweka njiani bila tiketi. Nimemwona kijana akipanda basi pale Sindeni, akasimama katikati ya magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu, akapiga gitaa mpaka Kwamatuku kwa mkono mmoja usioshika popote, huku basi likipita kwenye kona, wala hakukosea. Nimemsikia mama mmoja muuza machungwa akiitikia wimbo wa gitaa la kipofu pale stendi ya Korogwe, bila kuacha kumenya. Nimesikia gitaa kwenye tanga la msiba saa tisa usiku, likipigwa taratibu ili wafiwa wasilale na wasilie kupita kiasi. Hata wataalamu wanajua kwamba mambo makubwa hupatikana njiani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa barabarani kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, nchini Kongo. Kijana yule alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, na mtu anayesikiliza santuri zake leo huapa kwamba wapigaji ni wawili.

Basi, ndugu zangu, nilipohamishiwa huku Handeni, haikuchukua muda nikagundua gitaa la hapa lilipo.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi baiskeli, aliyekuwa na banda lake la mabati si mbali na soko la Chanika. Jina lake silitaji, ingawa wengi wenu mtamjua. Aliniruhusu mwenyewe nisimulie haya, na familia yake nayo imeridhia. Mzee huyu alikuwa na tabia moja iliyonifanya nisimame mara ya kwanza. Alipokuwa akinyoosha ringi ya baiskeli hakutumia macho, alitumia masikio. Alizungusha gurudumu polepole, akawa anadonoa spoki moja moja kwa ukucha, akisikiliza sauti. Iliyolegea ilitoa sauti nzito, iliyokazwa mno ilitoa sauti kali, naye alikaza hapa na kulegeza pale mpaka spoki zote zikasema sauti moja. Nilimwambia, "Mzee, wewe si fundi baiskeli, wewe ni mpiga gitaa." Alinitazama kwa muda, kisha akaingiza mkono chini ya meza ya kazi, akatoa gitaa kuukuu lililofungwa kwa khanga.

Ujanani alipiga rithimu katika bendi moja ya dansi mjini Tanga. Ndiyo, rithimu, ile ile ya kule nyuma isiyosifiwa na mtu. Tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni, nikitoka kutembelea wagonjwa au jumuiya, nilipita pale. Kinyozi wa banda la jirani, Mwislamu mcha Mungu, alinisogezea kiti. Mzee aliosha mikono kwa sabuni ya unga ili kuondoa grisi, akafungua khanga, akapiga. Alipiga nyimbo za zamani, nami nikataja majina ya nyimbo na bendi, naye akacheka kwa kuwa padre anajua mambo hayo. Swala ya Magharibi ilipoadhiniwa alinyamaza bila kuambiwa, akaweka kiganja juu ya nyuzi zisiendelee kulia, akangoja. Kisha akaendelea mpaka giza. Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili na miezi kadhaa.

Wakati fulani, kuelekea Noeli, nililipeleka suala la gitaa mbele ya Halmashauri ya Walei. Nilitaka mzee yule aipigie kwaya yetu katika Misa ya mkesha. Mnakumbuka mjadala ulivyokuwa. Baadhi ya wazee walisema gitaa ni chombo cha baa. Sikuwalaumu, kwa sababu Kanisa lenyewe limetembea polepole katika jambo hili. Papa Mtakatifu Pius wa Kumi, katika waraka wake wa tarehe 22 Novemba 1903, alikataza piano kanisani, akakataza pia vyombo vyenye kelele kama ngoma. Leo ni parokia gani ya kwetu isiyo na ngoma? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha mabomba heshima yake, lakini ukaruhusu vyombo vingine pia, mradi vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waamini. Mwaka huo huo wa 1963 padre wa kwetu, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Niliwakumbusha pia habari ya Padre Joseph Mohr. Alikuwa padre msaidizi mwenye miaka 26 katika kijiji cha Oberndorf nchini Austria. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 yeye na mwalimu Franz Gruber waliimba kwa mara ya kwanza wimbo ambao ninyi nyote mnaujua kwa jina la "Usiku Mtakatifu". Chombo kilichousindikiza usiku ule hakikuwa kinanda, kilikuwa gitaa, na aliyelipiga ni padre mwenyewe. Wazee waliposikia hayo walicheka na kukubali.

Nilikwenda bandani kwa mzee kama mtu aliyebeba habari njema. Nikamwambia, "Mzee wangu, wamekubali. Noeli utatupigia." Alinyamaza. Alikuwa akifuta gitaa kwa kitambaa, akaendelea kufuta mahali pale pale pasipo na vumbi. Kisha akasema, "Gitaa lichukue, Baba. Wapo vijana watalipiga. Mimi niache nibaki hapa." Nilimsihi kidogo, akatikisa kichwa. Nikaona ni unyenyekevu wa mtu wa rithimu asiyependa kuonekana. Tena, ndugu zangu, naona haya kuliandika hili, lakini wengi wenu mlikuwapo: katika mahubiri ya Dominika iliyofuata nilimtumia kama mfano wa unyenyekevu. Nilisema yupo mzee kati yetu aliyekataa kiti cha mbele. Mlifurahi. Nami nilifurahi.

Kilichotokea bandani siku ile hakikuwa unyenyekevu. Mtu mbatizwa, aliyekaa mbali na Altare miaka mingi, alikuwa amesimama mlangoni akingoja mtu amwulize neno moja tu: "Kwa nini?" Padre wake alikuwa mbele yake, umbali wa mkono mmoja, na hakuuliza. Alikuwa akilitazama gitaa.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza, nilikuta banda limefungwa Alhamisi mbili mfululizo. Nilidhani amesafiri. Kumbe ndivyo ilivyo, unaweza kumtembelea mtu kwa miaka miwili na usijue nyumba yake ilipo. Siku ya Jumamosi yule kinyozi alikuja parokiani kwa miguu. Alisimama nje ya baraza, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Padre, mgonjwa wetu anakuita." Alisema "wetu". Njiani alinieleza habari zote: kifua kilianza lini, hospitali walisema nini, dawa zipi zimekwisha, uji anakunywa kiasi gani. Alijua kwamba mzee ana watoto watatu na majina yao. Alijua kwamba mmoja yuko Korogwe na kwamba hawajasemezana tangu zamani. Nami nilijua nyimbo thelathini anazozipiga mzee yule, na uzi wake wa tatu unavyolegea hali ya hewa ikiwa ya unyevu.

Na sasa niseme jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Nilipotoka nyumbani, nilichukua kutoka mezani pakiti ya nyuzi mpya za gitaa nilizomnunulia mjini Tanga. Nilidhani zitamchangamsha. Mimi, padre, niliyeambiwa kwamba mgonjwa ananiita, nilitoka nikiwa na nyuzi za gitaa mfukoni, bila stola, bila Mafuta Matakatifu, bila Ekaristi.

Tulimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, amekonda. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani juu yake. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwonyesha zile nyuzi, nikasema mzaha fulani kuhusu uzi wa tatu. Alitabasamu kwa adabu. Kisha akasema polepole, kwa kuwa pumzi ilikuwa haitoshi: "Baba, miaka miwili umekuja kulisikiliza hili. Leo liache ukutani, unisikilize mimi."

Nilishindwa kujibu. Baada ya muda nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema, wakati tulikuwa pamoja kila juma. Akajibu, "Ulikuwa unakuja na furaha, Baba. Nikaona nisikuharibie."

Wapendwa, nimesikia lawama nyingi katika miaka yangu ya upadre. Nimewahi kutukanwa mbele ya watu kwa ajili ya michango, na nimewahi kuandikiwa barua zisizo na jina. Hakuna iliyoniingia kama maneno yale, ambayo wala hayakuwa lawama. Kondoo alikuwa amemhurumia mchungaji. Alibeba mzigo wake mwenyewe kila Alhamisi, na juu yake akaongeza kazi ya kunipumzisha mimi.

Kinyozi alinipandisha kwenye pikipiki ya mpwa wake, tukarudi parokiani katika matope. Njia ile si ndefu, lakini siku hiyo niliona kama tunakwenda Tanga. Niliomba rosari kwa vidole kwa kuwa rosari yenyewe nayo nilikuwa nimeiacha. Nilimwomba Mama Bikira Maria asiruhusu mtu yule afe kwa sababu ya pakiti ya nyuzi. Tulirudi tukamkuta yu hai. Kinyozi akatoka nje, akafunga mlango, akakaa barazani akiwazuia watoto wasipige kelele. Niliyoyasikia ndani baada ya kuvaa stola ni ya Mungu na yake. Nilimpaka Mafuta ya Wagonjwa. Nilimpa Komunyo Takatifu, ya kwanza baada ya miaka mingi sana, na aliipokea akiwa ameshikilia mkono wangu kwa mkono wenye sugu za nyuzi.

Mungu alitupa siku kumi na moja baada ya hapo. Nilikwenda kila siku. Sikuligusa gitaa wala sikuomba apigiwe na mtu. Alizungumza, na mimi nikasikiliza. Katika mazungumzo hayo ya kawaida, yasiyo ya ungamo, aliniambia habari za yule mwanawe wa Korogwe, akanituma kwake. Nilikwenda. Nilimkuta katika karakana yake, mtu mzima mwenye watoto, mwenye uso ule ule. Hakunifukuza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, akasema, "Nitafikiri, Padre." Sikumlazimisha, kwa maana majeraha ya miaka ishirini hayafungwi kwa ziara moja ya mgeni. Alikuwa na haki ya kufikiri. Baba yake ndiye ambaye hakuwa tena na muda wa kungoja.

Mwana alifika siku moja baada ya maziko. Tulikuwa tumemzika kwa Misa, na jeneza lilibebwa kwa kupokezana na vijana wa jumuiya yetu na majirani zetu Waislamu, kama ilivyo desturi njema ya mji huu. Nilimpeleka makaburini. Alisimama muda mrefu mbele ya udongo mbichi, kisha akaniuliza, "Alikuwa akisema nini juu yangu?"

Nilimsimulia yote niliyoruhusiwa kuyasimulia. Nilimweleza kwamba baba yake alijua majina ya wajukuu ambao hakuwahi kuwaona, na kwamba alinituma akiwa na akili timamu na kwa moyo wake wote. Lakini nilipokuwa nikizungumza nilihisi hazina yangu ilivyo ndogo. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumpa mwana yule. Ningeweza kuwa na miaka miwili. Ningeweza hata kumleta akiwa bado na baba wa kukaa naye bandani. Dhambi ya kutotimiza wajibu, ile tunayoikiri mwanzoni mwa kila Misa kwa haraka haraka, ina uzito wa namna hii. Hakuna aliyekuona ukitenda neno baya. Ulikaa tu kwenye kiti ukifurahia muziki.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi katika sehemu moja ya Kitabu cha Nabii Ezekieli, mwishoni mwa sura ya 33. Mungu anamwonya nabii wake kwamba watu wanakuja kwake kwa wingi na kuketi mbele yake, lakini kwao yeye ni sawa na mwimbaji mwenye sauti tamu na mpigaji hodari wa chombo: wanayasikia maneno, hawayatendi. Siku zote nilidhani sehemu hiyo inawasema ninyi mnaosinzia nikihubiri. Sasa naona inanisema mimi. Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba alipenda mno uimbaji wa kanisani, na kwamba kila alipojikuta ameguswa zaidi na sauti kuliko na kile kinachoimbwa, alijihesabu kuwa ametenda kosa. Ningethubutu kuongeza, mbele ya mwalimu huyo mkubwa, kosa la tatu: kuguswa na sauti na wimbo, na kumsahau anayeimba.

Mfano mchungu zaidi wa kosa hilo ni mfalme Sauli. Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatueleza kwamba Daudi alipompigia kinubi, roho ya mfalme ilitulia. Kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba siku nyingine, kijana yule akiwa anapiga kinubi vile vile, Sauli alimtupia mkuki. Masikio yake yalipokea kinubi, lakini moyo wake haukumpokea mpigaji. Sisi hatutupi mikuki. Tunapiga makofi, tunarekodi kwa simu, tunasema "kwaya imetukosha leo", na tunakwenda nyumbani bila kujua kwamba yule dada wa sauti ya kwanza ametoka kumuuguza mama yake usiku kucha na hajapata chai.

Je, nimeacha kupenda gitaa? Mmoja wenu aliniuliza hivyo baada ya arobaini ya marehemu, akidhani nitasema ndiyo kwa ajili ya toba. Hapana. Gitaa ndilo lililonifikisha bandani. Bila gitaa ningepita pale kwa miaka yote nikimpungia mkono fundi baiskeli, na siku ya kuugua asingekuwa na padre wa kumwita kwa jina. Mungu aliutumia hata upenzi wangu, kama anavyotumia kila kitu. Kosa langu lilikuwa kusimama mlangoni mwa zawadi na kudhani nimekwisha kuingia.

Naomba basi tufanye zoezi moja dogo juma hili, kila mmoja mahali pake. Tazama ni nani anayekufurahisha kila siku bila wewe kumjua. Yawezekana ni mpiga ngoma wa kwaya, au kijana wa gitaa ndani ya basi, au mama anayeimba akitwanga upande wa pili wa ukuta, au mcheshi wa kijiweni ambaye kila mtu anasema hana shida. Akimaliza kupiga, au kuimba, au kuchekesha, usiondoke na makofi peke yake. Msogelee umwulize, "Nyumbani hawajambo?" Kisha nyamaza, ungoje jibu la pili, kwa sababu jibu la kwanza huwa siku zote ni "hawajambo".

Gitaa la marehemu liko parokiani. Mwanawe hakutaka kulichukua, alisema lipewe anayejifunza. Kijana mmoja wa kidato cha pili huja kila Alhamisi kujifunza, na zile nyuzi mpya ndizo zilizofungwa. Bado hajui sana, na uzi wa tatu anaukaza kupita kiasi. Kabla hajalifungua, huwa namkalisha kwanza na kumwuliza habari za kwao. Alhamisi iliyopita tulizungumza mpaka giza likaingia, na gitaa likabaki katika khanga yake.

Ee Bwana Yesu, uliyemsikia kipofu wa Yeriko katikati ya kelele za umati, utupe masikio yanayovuka sauti na kumfikia mtu. Umpe mtumishi wako, mpiga rithimu, raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.

Mungu awabariki nyote. Tuonane Dominika.

Padre wenu katika Kristo.